MASHINE YA KAHAWA YA DADA: KUTOKA TURIN 1884 HADI KWA FUNDI WA TANDIKA

Najua nimewatupa. Wapo waliodhani nimeacha uandishi, wapo waliodhani nimeoa. Yote hayo bado. Kilichonipoteza wiki hizi zote ni mashine ya kahawa, na kabla hujacheka naomba unisikilize. Ndani ya habari hii mna fedha ya upatu ya dada yangu, mna aibu yangu mwenyewe, na mna historia ya miaka zaidi ya 140 ambayo laiti ningeisoma mapema tusingefika tulikofika.

Tuanze na aibu.

Dada yangu mkubwa anauza chai, chapati na supu nje ya nyumba huku kwetu Temeke. Karibu na hapo pana chuo, na vijana wa chuo wakawa wanamuuliza kama ana "kahawa ya mashine". Mimi, msomi wa familia, mwandishi wa gazeti, nikajitia kujua. Nikamwambia: "Dada, nunua mashine ya espresso. Kahawa ni yetu, inalimwa Kagera na Kilimanjaro, kwa nini watu wapande daladala kwenda kuinywa mjini kwa bei ya chakula cha mchana?" Dada akaniamini. Ilipofika zamu yake ya kupokea upatu, tukaenda wote wawili dukani, katikati ya jiji.

Kijana wa dukani alitupokea vizuri. Dada akamweleza waziwazi kwamba anataka kuuza kahawa. Kijana akasema, "Hii inakufaa kabisa mama, ya Ulaya hii." Shilingi laki saba na ishirini. Tukapewa risiti, tukapigiwa muhuri kwenye karatasi ya waranti, miezi 12, tukaondoka kama tumeoa.

Miezi minne mambo yalikuwa mazuri. Vikombe 30 kwa siku, siku nyingine 40. Mwezi wa tano mashine ikaanza kunguruma kuliko kawaida na kahawa ikawa inatoka kwa kudondoka badala ya kutiririka. Wiki moja baadaye ikawa inalia tu, maji hayatoki. Siku ya tatu yake hata kulia ikaacha.

Tukairudisha dukani. Wakaandika jina, wakasema tusubiri simu. Tulisubiri wiki sita. Dada alikwenda mara nne, mimi mara mbili, na kila safari fundi wao alikuwa "ametoka kidogo". Mwisho tukaitwa. Kijana mwingine, siyo yule wa mwanzo, akatufungulia kijitabu cha waranti ukurasa wa 14. Kijitabu kina lugha saba na Kiswahili hakimo. Akatuonyesha mistari miwili kwa kidole: mashine hii ni ya matumizi ya nyumbani tu, na hitilafu inayotokana na chokaa ya maji haimo kwenye waranti. "Mama mwenyewe alituambia anauza vikombe 30 kwa siku," akasema. Yaani ukweli wa dada ndio uliomponza. Kisha wakataka shilingi elfu 50 ya ukaguzi.

Dada hakusema neno. Alilipa, akaibeba mashine yake, na ndani ya bajaji akaniuliza swali moja: "Wewe ulisomea nini vile?"

Hapo ndipo nikaanza kusoma.

WAZO LA MOSHI NA HARAKA

Mtu wa kwanza kupewa hataza ya mashine ya mvuke ya kutengeneza kahawa kwa haraka alikuwa Angelo Moriondo wa Turin, Italia, mwaka 1884. Alikuwa na hoteli na baa, na tatizo lake lilikuwa tatizo la kila mwenye mgahawa: wateja wengi, kahawa inachelewa. Akaionyesha mashine yake katika maonyesho makubwa ya Turin mwaka huohuo, akapewa medali ya shaba. Lakini mashine ile ilipika kahawa nyingi kwa mkupuo, siyo kikombe kimojakimoja, na Moriondo hakuitengeneza kwa wingi kuuza. Alizitumia kwenye biashara zake mwenyewe, basi.

Aliyeleta kikombe kimojakimoja ni Luigi Bezzera wa Milan, mwaka 1901. Ndiye aliyebuni ule mpini wenye kichujio ambao mpaka leo ukiingia mgahawa wowote utaona mtu anaupachika kwenye mashine na kuuzungusha. Bezzera alikuwa na akili ya ufundi lakini hakuwa na mtaji (mnalijua hilo gonjwa), hivyo hataza ikanunuliwa na Desiderio Pavoni, naye akaanza kuunda mashine mwaka 1905. Mwaka 1906, kwenye maonyesho ya dunia ya Milan, watu wakaonjeshwa kahawa ya aina hiyo. Neno lenyewe espresso lina maana ya kitu kinachofanywa hapohapo, kwa ajili yako, na lina harufu ya haraka. Kampuni nyingine ya zamani, Victoria Arduino, ilitoa tangazo maarufu mwaka 1922 lililochorwa na Leonetto Cappiello: mtu amejitoa nje ya treni inayokimbia, ameshika kikombe chini ya mashine. Ujumbe uko wazi: usishuke, kunywa twende.

Sisi watu wa Pwani kahawa tumeijua muda mrefu, lakini kwa mwendo mwingine. Muuza kahawa wa Kariakoo hana haraka. Birika lake limekaa juu ya mkaa, vikombe vidogo anavigonganisha mkononi mpaka unamsikia kabla hujamwona, kashata iko pembeni, na mazungumzo ya Simba na Yanga ndiyo sukari. Haraka ya Milan ilizaliwa na viwanda, treni na saa ya kazini. Siyo dhambi, ila ni vizuri kujua ulichonunua kilizaliwa kwa shida ya nani.

Mashine zile za mwanzo zilikuwa na kasoro kubwa: zilisukuma maji kwa mvuke. Mvuke ndani ya boila ulifikia bar moja na nusu hivi, maji yakawa ya moto kupita kiasi, kahawa ikaungua. Kwa hiyo espresso ya mwaka 1910 ungeionja leo ungedhani muuzaji kakosea. Haikuwa nzito, haikuwa na lile povu la rangi ya asali juu yake. Ilikuwa kahawa nyeusi, chungu, ya haraka.

1933, 1935, 1938

Mwaka 1933 una mambo mawili ninayopenda kuyaweka pamoja. Mwaka huo Alfonso Bialetti, aliyekuwa na karakana ya alumini huko Crusinallo, kaskazini mwa Italia, alitoa kile chombo cha pembe nane kinachoitwa moka, cha kuweka juu ya jiko. Na mwaka huohuo wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha ushirika, KNCU. Huku mtu wa kawaida wa Italia anapata njia ya kupika kahawa kali jikoni kwake, huku mkulima wa Moshi anatafuta njia ya kuuza buni yake bila kupunjwa. Mnyororo mmoja, ncha mbili, na wenye ncha hizo hawajuani.

Sifa ya moka ni kwamba haina cha kuharibika. Haina pampu, haina umeme, haina waya. Kuna kichujio, kuna mpira wa kuziba, kuna valvu ndogo ya usalama. Mpira ukikauka unanunua mwingine. Mtoto wake Alfonso, Renato, ndiye aliyeitangaza moka kwa nguvu baada ya vita, na alipofariki mwaka 2016 majivu yake yaliwekwa ndani ya chombo chenye umbo la moka. Hiyo siyo chumvi ya mwandishi, ndivyo alivyozikwa.

Mwaka 1935 Italia ya Mussolini iliivamia Ethiopia, nchi ambayo ndiyo asili ya mbuni wenyewe. Umoja wa Mataifa wa wakati ule, League of Nations, ukaiwekea Italia vikwazo kuanzia Novemba 1935 hadi Julai 1936. Kahawa ilitoka nje, alumini ilitengenezwa nyumbani, na utawala ule ukaisifu alumini kama metali ya taifa. Kwa hiyo hata birika lisilo na hatia la jikoni limepita katika siasa chafu, na siasa yenyewe ilikuwa hapa Afrika Mashariki.

Kisha akaja mwenye baa mmoja wa Milan, Achille Gaggia. Mwaka 1938 aliandikisha hataza ya kutengeneza kahawa bila kuiunguza kwa mvuke. Vita ikakatiza. Baada ya vita, mwaka 1947, akaja na mkono na springi: mhudumu anavuta mkono chini, springi inajikunja, anauachia, springi inasukuma maji kwenye kahawa kwa presha ya bar 8 au 9. Maji hayachemki tena kupita kiasi, na presha imekuwa mara sita ya ile ya mvuke. Ndipo lilipotokea lile povu. Gaggia hakulionea aibu, akalipa jina la krema na kulitangaza kwamba limetoka kwenye kahawa yenyewe. Kampuni ikasimama mwaka 1948. Kila unayemwona leo anapiga picha kikombe chake chenye povu, anapiga picha ya Gaggia.

NJIA ZINAPOACHANA

Sasa fuatilia hapa, maana hapa ndipo laki saba na ishirini za dada zilipopotelea.

Mwaka 1961 zilitokea mashine mbili. Ya kwanza ni Faema E61 ya Ernesto Valente, mtu ambaye awali alikuwa akifanya kazi na Gaggia. E61 iliondoa jasho la mkono: mota ya umeme inaendesha pampu, maji yanatoka bombani moja kwa moja, yanapita kwenye bomba lililomo ndani ya boila na kupashwa humo, na chuma kizito chenye kupitisha maji ya moto wakati wote kinashika joto lisiyumbe. Ilipewa jina kwa ajili ya kupatwa kwa jua kwa Februari ya mwaka huo. Ni mashine ya kazi. Inakaa kwenye kaunta, inafanya kazi kuanzia alfajiri mpaka usiku, na fundi anaifungua kwa spana, anabadilisha kilichochakaa, anaifunga.

Ya pili ni La Pavoni Europiccola, mashine ndogo ya mkono kwa ajili ya nyumbani. Gaggia naye alikwishatoa mashine ya nyumbani ya mkono, Gilda, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Europiccola inatoa vikombe vichache, kisha chuma kinapata moto mno na inabidi uipumzishe. Wenyewe wanaijua tabia hiyo na wanaivumilia. Ni ya familia, siyo ya foleni.

Kwa hiyo tangu mwaka 1961 njia zimeachana: ya kaunta na ya jikoni. Kwa nje zimeendelea kufanana, zote zinang'aa, zote zina mpini wa Bezzera. Kwa ndani ni wanyama wawili tofauti.

Mwaka 1977 Gaggia walitoa Baby, mashine ya nyumbani ya pampu ya umeme. Pampu hiyo siyo ile ya mota inayozunguka. Ni koili ya waya wa shaba, ndani yake mna kipande cha chuma na springi. Umeme unavuta chuma, springi inakirudisha. Kwa umeme wa hezi 50 kama wetu, chuma hicho kinakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde moja. Ndiyo maana inanguruma. Ni ndogo kama ngumi, ni rahisi, ni nafuu, ndiyo iliyowezesha mtu wa kipato cha kati kuwa na espresso nyumbani. Lakini koili inapata joto. Pampu nyingi za aina hii zimeandikwa ubavuni kabisa zifanye kazi kwa muda gani na zipumzike kwa muda gani, na muda wenyewe unahesabiwa kwa dakika. Ukipika vikombe viwili baada ya chakula, haina neno. Ukipika 30 mfululizo huku vijana wa chuo wamejipanga, unaichoma.

Ndugu msomaji, hayo yangeandikwa kwa Kiswahili kwenye boksi, dada asingenunua. Ila na mimi, niliyesoma Kiingereza mpaka digrii, ningefungua ukurasa wa 14 dukani, asingenunua vilevile.

GONJWA LENYEWE NI MAJI

Nikaendelea kusoma, na nikagundua kwamba magonjwa ya mashine hizi ni machache na yanajirudia. Mpira wa kuziba pale mpini unapopachikwa unakauka kwa joto, kahawa inavuja pembeni. Themostati inakufa, maji yanakuwa baridi au moto kupita kiasi. Fyuzi ya joto inakatika ili mashine isiwake moto, na ikikatika hairudi, inabadilishwa. Valvu ya kutoa presha inaziba kwa unga wa kahawa. Na pampu.

Lakini mama wa magonjwa ni chokaa. Maji magumu yana madini ya kalsiamu. Yakipashwa moto madini yanaganda, ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika la umeme. Kwenye birika unausugua. Ndani ya mashine unakaa kwenye boila na kwenye vijia vyembamba kama sindano. Unaziba kidogokidogo, pampu inasukuma ukuta, inalia zaidi, inapata joto zaidi, inakufa. Na sisi huku kwetu tunatumia maji ya kisima. Wakazi wa Dar mnajua maji ya visima vingi: sabuni haitoi povu, na chai ina ladha ya chumvi. Tulikuwa tunaimwagia mashine ya Ulaya chokaa na chumvi kila asubuhi tukijua tunaihudumia.

Dawa yake ni rahisi: asidi ya sitriki, ile ya unga wanayotumia wapishi, iliyochanganywa na maji, kila baada ya wiki kadhaa kulingana na maji yako, kisha unasuuza vizuri. Angalia kwanza kijitabu, maana boila za alumini hazipendi kila asidi. Na kinga ni kutumia maji laini tangu mwanzo.

NANI ANA RUHUSA YA KUFUNGUA?

Nyuma ya mashine ya dada, juu ya skrubu moja, palikuwa na kibandiko kidogo cha fedha kilichoonya kwamba kikichanika waranti imekufa. Kibandiko hicho ndicho kilichotufanya tukae wiki sita tukisubiri simu. Tuliogopa kufungua mali yetu wenyewe.

Nikajiuliza, waranti ilianza lini kutisha wenye mali? Nilikuta kwamba Marekani walipambana na jambo hili mapema. Mwaka 1975 ilitiwa saini sheria inayoitwa Magnuson-Moss. Inalazimisha waranti ziandikwe kwa lugha inayoeleweka, na kwa ujumla inamkataza mtengenezaji kukufunga utumie spea au fundi wake pekee ili waranti isife, isipokuwa akikupa huduma hiyo bure. Miaka 43 baadaye, Aprili 2018, tume yao ya biashara ilibidi iziandikie kampuni sita barua za onyo kuhusu maneno kama yale ya kibandiko cha dada. Sheria ipo, vibandiko vikaendelea.

Ulaya, mwaka 1999, walitoa agizo kwamba muuzaji awajibike kwa mlaji kwa miaka miwili, na nchi wanachama zilitakiwa kulitekeleza kuanzia Januari 1, 2002. Likarithiwa na agizo jipya la mwaka 2019 lililoanza kutumika Januari 1, 2022. Zingatia neno hilo: muuzaji. Siyo kiwanda cha mbali, ni yule aliyepokea fedha yako. Mwaka 2024 wakaongeza agizo la haki ya kutengeneza, na tarehe ya kuanza kulitumia ikawekwa Julai 31, 2026. Linataja mashine za kufulia, majokofu, simu na vitu vingine kadhaa. Nikapitia orodha nzima nikitafuta mashine ya kahawa. Haimo.

Uholanzi nako, mwaka 2009, mwandishi wa habari mwenzetu, Martine Postma, alianzisha Amsterdam kitu alichokiita Repair Café, mahali ambapo watu wanaleta vitu vibovu na wenye ujuzi wa kujitolea wanasaidia kuvitengeneza. Wazo lake limeenea nchi nyingi. Nilivyosoma nilicheka, maana sisi tuna mafundi kila kona ya mtaa na tunawaita "mafundi vishoka". Wenzetu wamepoteza fundi wa mtaani, wanamtafuta kwa mikutano. Sisi tunaye, tunamdharau.

Kwetu Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, FCC, na ndani yake mna sehemu za kumlinda mlaji. Nimeandika habari za mahakamani na za biashara miaka mitatu sasa. Sijawahi kukutana na muuza chapati aliyekwenda kudai kwa sheria hiyo. Labda yupo. Ila najua dada yangu alipoitwa dukani alikwenda kama mshitakiwa.

Tuseme na ukweli: duka halikukosa kila kitu. Matumizi ya biashara hayakuwemo kwenye waranti, na hilo lina mantiki, historia ya tangu 1961 inaeleza. Kosa lao ni mawili. Yule aliyeuza aliambiwa waziwazi kazi ya mashine akanyamazia masharti, na walikaa na mali ya mtu wiki sita kwa jibu la dakika tano. Tena kiwanda nacho kina lake. Boksi za siku hizi nyingi zinajengwa zisifunguke. Saeco walipotoa mwaka 1985 mashine ya nyumbani inayofanya kila kitu yenyewe, na Nespresso walipoanza kuuza vidonge vyao mwaka 1986, mnywaji aliondolewa hatua kwa hatua kwenye kazi ya kupika, na nadhani ndivyo alivyoondolewa kwenye kuelewa. Zipo za nyumbani zilizobaki na njia ya zamani, kama Gaggia Classic ya mwaka 1991 na Rancilio Silvia ya mwaka 1997, ambazo wenyewe huzifungua, hubadilisha spea na kuzitumia miaka mingi. Kwa hiyo inawezekana. Ni uamuzi wa anayeunda.

TANDIKA

Jumamosi moja nikaibeba mashine mpaka Tandika kwa mzee mmoja anayetengeneza pampu za maji na pasi. Mashine ya espresso hakuwahi kuifungua.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea nini, redio?"

"Mashine ya kahawa, fundi. Ila ina kibandiko hapa, ukikichana waranti inakufa."

Akaiangalia. "Waranti ipo hai?"

"Hapana, wameshaikataa."

"Sasa unamlinda maiti?" Akakichana kwa bisibisi.

Alipofungua kifuniko alinyamaza kidogo, kisha akatabasamu. Akatoa ile pampu ndogo, akaigeuza. "Hii naijua. Iko kwenye pasi za mvuke, zile kubwa za madobi." Akaipima kwa testa, koili imekufa. Akafungua boila, akanionyesha. Wapendwa, ndani palikuwa kama pango la matumbawe. Alitumbukiza vipande kwenye maji ya sitriki, vikaanza kutoa mapovu, na mzee akavuta kigoda akaagiza kahawa kwa muuza kahawa aliyekuwa anapita. Tukanywa kahawa ya birika tukiisubiri mashine ya kahawa.

Pampu aliipata Kariakoo kwa elfu 45, akahakikisha ni ya volti 230 na hezi 50. (Ndugu mnaoletewa mashine kutoka Marekani, kule ni volti 120 na hezi 60. Ukichomeka hapa moja kwa moja unanunua moshi.) Mpira mpya akaukuta kwenye droo yake. Ufundi elfu 30. Siku mbili, elfu 75 na kidogo. Wiki sita za dukani zilikuwa elfu 50 kwa kuambiwa hapana.

Mashine ilinguruma, kahawa ikatoka, povu la Gaggia likaonekana. Mzee akaonja, akakunja uso. "Chungu hii. Na watu wanailipia?"

Sasa dada ana utaratibu mpya. Maji ya dumu, siyo ya kisima. Sitriki kila baada ya wiki tatu, ameandika tarehe kwa chaki ukutani. Kila baada ya vikombe vinne mashine inapumzika, na foleni ikiwa ndefu anawamiminia ya birika, kwa bei ya birika. Mwenyewe anasema ya birika inauzika zaidi kuliko alivyodhani, maana wateja wanaoisubiri wanakaa, na anayekaa anakula chapati. Anaweka akiba ya mashine ya kaunta, ya mtumba, ila safari hii amesema atakwenda na fundi wa Tandika, siyo na mimi.

Nilimwomba ruhusa nitaje jina la duka hapa. Akakataa. "Waache. Usije ukaniharibia, ipo siku nitataka spea." Nimeheshimu.

Mimi ninachowaomba ni hiki. Ukinunua kitu cha bei, sema mbele ya muuzaji utakitumia kwa kazi gani, na umwombe aandike hivyo kwenye risiti. Soma ukurasa wa masharti kabla ya kutoa fedha, na kama lugha hauijui, usione haya kumwita mtu akusomee. Kama una mdogo wako mwenye digrii, mwambie asome kwanza, halafu ndiyo atoe ushauri.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Na ukipita Temeke asubuhi, usiombe espresso kama foleni imezidi wanne.